Mkadiriaji majenzi

Mkadiriaji majenzi ni mtaalamu anayepima kazi ya ujenzi kutoka kwenye michoro na kuikadiria kwa fedha kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Anayefikia ngazi ya mkurugenzi katika kampuni ya ujenzi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya bei inayoingia kwenye bahasha ya zabuni.

Kazi huanzia kwenye vitu vidogo. Ukuta wa mita 10 kwa mita 3 una eneo la mita za mraba 30. Toa mlango, zinabaki kama 28. Tofali lenye uso wa milimita 450 kwa 225 huenda takriban 10 kwa kila mita ya mraba, hivyo ukuta huo unahitaji matofali 280, na ziada kidogo ya yatakayovunjika. Anayesahau kutoa mlango katika ghorofa lenye vyumba 200 amekwisha kupandisha bei na kuipotezea kampuni zabuni.

Nchini Tanzania wengi husomea Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Usajili uko chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwa sheria ya mwaka 2010.

Uadilifu ndio mtaji mkubwa wa mkadiriaji. Bei ya zabuni ni siri, hata kwa ndugu. Pia, mkadiriaji bora huwapeleka vijana wake eneo la ujenzi, wamwone fundi akipiga lipu na wahesabu mifuko ya saruji iliyotumika kweli.