Picha ya Papo na Nakala Rudufu: Historia Fupi ya Uhifadhi Salama wa Data za Kompyuta

Insha hii inafuatilia historia ya picha ya papo, yaani kumbukumbu ya mfumo mzima wa faili jinsi ulivyokuwa katika nukta moja ya wakati. Hoja kuu ni kwamba uvumbuzi huo ulitatua tatizo la wakati, lakini haukutatua tatizo la mahali.

Awali, nakala rudufu ziliandikwa katika kanda za sumaku. Kunakili seva kubwa kulichukua saa nyingi, na wakati huo watumiaji waliendelea kubadilisha faili. Hivyo mwanzo na mwisho wa nakala viliweza kuwakilisha hali mbili zisizolingana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Bell Labs waliounda mfumo wa Plan 9 waliihifadhi hali ya seva ya faili kila siku katika diski za mwanga zinazoandikwa mara moja tu. Mtumiaji aliweza kufungua faili za zamani kwa kufuata tarehe.

Mwaka 1994, Dave Hitz, James Lau na Michael Malcolm wa kampuni ya Network Appliance walichapisha maelezo ya mfumo wa WAFL. Mfumo huo hauandiki data mpya juu ya ile ya zamani. Kila bloku iliyobadilika huwekwa mahali pengine. Kwa hiyo, kupiga picha ya papo ni kuhifadhi mzizi unaoelekeza kwenye bloku za awali. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, na nafasi hutumika kadiri mabadiliko yanavyoongezeka. ZFS ya Sun Microsystems, iliyotolewa mwaka 2005, na Btrfs, iliyoingizwa katika Linux mwaka 2009, ziliendeleza kanuni hiyo.

Hata hivyo, wepesi huo ndio chanzo cha udhaifu wake. Picha na data hai huchangia bloku zilezile, hivyo diski ikiharibika vyote hupotea pamoja. Aidha, mwezi Mei 2017, programu haribifu ya WannaCry ilifuta nakala za namna hiyo katika kompyuta za Windows ilizozivamia.

Mfano bayana zaidi ni wa kampuni ya GitLab. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi alifuta kimakosa takribani gigabaiti 300 za hifadhidata kuu. Nakala za kila siku hazikuwepo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilooana na hifadhidata, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa. Kilichookoa huduma ni picha ya papo iliyopigwa takribani saa 6 kabla, ambayo tayari ilikuwa imehamishiwa katika mazingira ya majaribio. Data za saa hizo hazikurejeshwa.

Kwa muhtasari, picha ya papo ni hatua ya kwanza ya nakala rudufu, wala si mbadala wake. Usalama hupatikana pale picha inapopelekwa katika mashine nyingine, na urejeshaji wake unapojaribiwa kabla ya maafa.