Ijue Kinondoni, wilaya iliyomegwa kuizaa Ubungo

KINONDONI ni miongoni mwa wilaya tano za Mkoa wa Dar es Salaam. Awali mkoa huo ulikuwa na wilaya tatu: Ilala, Temeke na Kinondoni, ambazo mwaka 2000 zilipata halmashauri za manispaa.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Kinondoni watu 1,775,049. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 982,328. Hata hivyo, wilaya hiyo haikukimbiwa na wakazi. Kati ya sensa hizo, Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, ikachukua Sinza, Manzese na Kimara. Magomeni, Msasani na Kawe zikabaki.

Mkazi wa Manzese alibadilishiwa manispaa bila kuhama nyumba. Ikijumlishwa Ubungo, yenye watu 1,086,912, eneo lile lile lilifikisha watu 2,069,240.