Profesa Ngowi: Mwalimu wa biashara katika nchi iliyoiogopa biashara

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kufungua majalada ya magazeti yetu ya miaka ya 2010, chukua matoleo ya siku moja au mbili baada ya Waziri wa Fedha kusoma bajeti pale Dodoma. Shuka chini ya habari kubwa, mahali ambapo mwandishi huanza kutafuta mtu wa kumsaidia kueleza zile tarakimu. Mara nyingi utakutana na jina lile lile: Profesa Honest Ngowi wa Chuo Kikuu Mzumbe. Bei ya mafuta ikipanda, Ngowi. Shilingi ikiteleza mbele ya dola, Ngowi. Kodi mpya ya simu, Ngowi tena.

Honest Prosper Ngowi alikuwa mchumi, mtafiti na mshauri, na hadi anafariki alikuwa Rasi wa Ndaki ya Dar es Salaam ya Mzumbe. Alikufa tarehe 28 Machi 2022 kule Mlandizi, mkoani Pwani, baada ya kontena kuliangukia gari alilokuwa akisafiria. Dereva wake alikufa pia. Habari hiyo ilisambaa nchi nzima kwa saa chache, jambo ambalo kwa msomi wa uchumi si la kawaida. Maprofesa wetu wengi hujulikana na wanafunzi wao, wake zao na kamati za ajira tu.

Hakuwa mtu wa kwetu Mara. Mimi ni mtoto wa Kenyamonta, tarafa ya Ngoreme, wilaya ya Serengeti, na najua kuna msomaji atakayeuliza kwa nini nisitafute msomi wa nyumbani nikamwandika. Jibu langu ni kwamba kwa watu wa vijijini kama kwetu, kilichokuwa adimu si profesa. Kilichokuwa adimu ni profesa wa biashara anayeongea ukasikia. Ili kuuona uzito wa mtu kama Ngowi ni lazima turudi nyuma kidogo, tuone somo lenyewe la biashara lilivyohangaika katika nchi hii.

Tulipopata uhuru mwaka 1961 hatukuwa na chuo chochote cha juu kilichojengwa kwa ajili ya kufundisha biashara. Duka lilikuwa la Mhindi au Mwarabu, benki ya Mwingereza, na Mwafrika alikuwa mteja, karani au mpagazi. Serikali iliona pengo hilo mapema. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo cha Elimu ya Biashara, hiki tunachokiita CBE, na Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyekizindua.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mabenki yakataifishwa, biashara kubwa ya nje na ya jumla ikakabidhiwa shirika la umma, na miaka ya 1970 kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, zile RTC ambazo wazee bado wanazikumbuka kwa foleni ya sukari. Redioni mfanyabiashara akawa kupe, mwenye mirija. Kwa hiyo kijana aliyesoma CBE alifundishwa asubuhi namna ya kutunza hesabu za duka, na jioni akasikia kwamba mwenye duka ni mnyonyaji. Sisemi hivi kwa kejeli. Mwalimu alikuwa na sababu zake, na wanaomlaumu leo wengi wao hawakuuona ule ubaguzi wa kiuchumi aliourithi. Lakini mkanganyiko ulikuwepo, na uliacha alama.

Vyuo viliendelea kuzaliwa. Mwaka 1972 kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na mwaka huo huo Mzumbe, ambayo Waingereza waliianzisha mwaka 1953 kama shule ya kuwafundisha watawala wa wenyeji na makarani wao, ikageuzwa kuwa IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata kitivo cha biashara na menejimenti, ambacho tangu 2008 ni Shule Kuu ya Biashara. Lakini tujiulize: wahitimu hao walikuwa wanaandaliwa kwenda wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye mashirika ya umma. Walikuwa wahasibu, maofisa ugavi na mameneja wa serikali. Elimu ya biashara ya wakati ule ilikuwa elimu ya kuendesha mali ya umma. Mama anayeuza dagaa mnadani hakuwa mwanafunzi wake, wala mzee mwenye ng'ombe 40 kule Ngoreme.

Mwaka 1976 ndipo mambo yalipofika mbali zaidi. Ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakatakiwa kufungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Haikudumu, kwa sababu maduka mapya yalikuwa na rafu bila bidhaa, na serikali ikalegeza. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na mkulima wa pamba wa Mara, ambaye chama chake pamoja na wizi wake wote kilikuwa darasa pekee la mizani, stakabadhi na mkutano wa hesabu, akabaki anasubiri mamlaka ya zao itume gari. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani hairudishwi kwa sheria.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakufa, mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Kwa mtu wa Dar es Salaam hii ni habari ya kidiplomasia. Kwa mtu wa Tarime na Serengeti ni habari ya sabuni. Waliokulia huku wanajua kwamba mpaka ulifungwa kwenye karatasi, na kwamba njia za ng'ombe kuelekea upande wa Kenya hazikuwahi kusoma lile tangazo. Ng'ombe walikwenda, sabuni, mafuta ya kula na vitenge vikaja. Watu wakajifunza thamani ya fedha mbili, bei ya soko la mbali, hatari na faida, yote bila mwalimu na bila cheti. Somo hilo lilikuwa na jina moja tu serikalini: magendo. Mwaka 1983 Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, hata mwenye katoni mbili za sabuni uvunguni alilala macho wazi.

Kisha upepo ukageuka. Bajeti ya 1984 ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa sana wamezipata wapi. 1986 tukasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mzee Mwinyi akawa Mzee Ruksa. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, na wale wahasibu na mameneja wakajikuta mitaani. Neno jipya likaingia mjini, ujasiriamali. Nchi ambayo miaka 15 kabla ilimwita mfanyabiashara kupe ikaanza kumwambia kila kijana asitegemee ajira, ajiajiri.

Nani alimfundisha? Hapa ndipo namuona Ngowi na kizazi chake cha wasomi.

Mzumbe ilipopewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001, Ngowi alikuwa tayari anaandika. Mwaka huo alitoa makala akiuliza kama Afrika inaweza kuongeza sehemu yake katika mitaji ya kigeni inayozunguka duniani, wakati ambapo sehemu yetu ilikuwa ndogo mno na kila serikali ilikuwa inaimba wimbo wa wawekezaji. Lakini kazi yake ninayoipenda zaidi ni makala ya mwaka 2009 kuhusu maendeleo na mabadiliko ya uchumi wa Tanzania tangu uhuru. Ndani yake hakuanza na fomula. Alianza na watu: Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete. Aliipanga historia ya uchumi wetu kwa awamu za uongozi, akaangalia ni kwa kiasi gani kiongozi wa kisiasa aliyepo huamua uchumi unaelekea wapi.

Wapo wachumi watakaosema huo ni urahisishaji, kwamba bei ya pamba duniani, vita ya Kagera na ukame havikumsubiri rais yeyote. Nakubaliana nao nusu. Lakini mtu wa Kenyamonta akisoma makala ile anajiona ndani yake. Duka lake lilifungwa kwa tamko na likafunguliwa kwa tamko. Chama chake cha ushirika vilevile. Mwaka 2006 serikali ya Kikwete ilipotenga shilingi bilioni moja kwa kila mkoa kwa ajili ya mikopo ya wajasiriamali, yale yaliyoitwa mabilioni ya JK, lilikuwa tamko jingine, na wengi vijijini hawakujua hata foleni yake ilianzia wapi. Nani aliwahi kumfundisha huyu mtu kutenganisha fedha ya duka na fedha ya ada ya shule, kabla ya kumwambia aandike mchanganuo wa biashara?

Ngowi alifundisha darasani kama wengine. Ndaki ya Dar es Salaam ina wanafunzi wengi wa shahada za uzamili ambao ni wafanyakazi, watu wanaotoka ofisini jioni na kwenda kusoma. Lakini darasa lake kubwa lilikuwa nje, kwenye semina, runinga na magazeti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sisi waandishi vijana tuliokuwa tunasoma chuoni wakati huo tulimfahamu kwa njia hiyo. Ukimsoma unaelewa sentensi ya kwanza, na ukifika ya mwisho bado upo naye. Kwa kurasa za uchumi za magazeti yetu, ambazo nyingine zinaandikwa kana kwamba msomaji ni gavana wa Benki Kuu, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Chukua mfano wa Julai 2020. Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imeingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Pato la mwaka 2019 kwa kila mtu lilikuwa dola 1,080, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Tulishangilia. Huku nyumbani wazee wakauliza swali ambalo ni la haki kabisa: mbona kwangu haijafika? Mimi huwajibu kwa ng'ombe. Kaya ziko kumi. Moja ina ng'ombe mia, tisa hazina kitu. Wastani ni ng'ombe kumi kwa kila kaya, na hesabu hiyo ni sahihi, hakuna aliyedanganya. Lakini nenda kaombe maziwa kwenye zile kaya tisa. Hii ndiyo kazi ya mwalimu wa uchumi mbele ya umma. Hakanushi tarakimu, anaeleza imebeba nini na imeacha nini.

Na kazi hiyo iliwahi kuwa ya hatari. Septemba 2018 Bunge lilifanya marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa ni kosa kutangaza takwimu zenye lengo la kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Benki ya Dunia yenyewe ilieleza wasiwasi wake hadharani. Juni 2019 kipengele hicho kilibadilishwa, lakini kwa miezi ile kadhaa watafiti wengi walichagua ukimya, na siwalaumu, kila mtu ana watoto wa kulisha. Jina la Ngowi halikutoweka kwenye kurasa. Hakuwa mwanaharakati na hakutukana mtu. Alikuwa mtu wa "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine", hadi wengine wakamwona mpole kupita kiasi. Mimi nauona upole ule kama ufundi. Katika nchi ambayo biashara imekuwa suala la tamko kwa miaka 60, mtu anayeeleza bila kutangaza vita ndiye anayebaki akisikilizwa na pande zote mbili, waziri na mwenye duka.

Alipokufa, chumba cha habari kilipungukiwa. Wataalamu wapo, na wengine ni hodari sana, lakini sikiliza majibu yao: "nitumie maswali kwa barua pepe", "nipo kwenye kikao", "usinitaje jina". Matokeo yake ripota anaichukua taarifa ya wizara kama ilivyo na kuibandika gazetini, na mzee wangu wa Kenyamonta anaisikia redioni asubuhi, uchumi umekua kwa asilimia kadhaa, halafu anakwenda mnadani na dume lake kusikia bei ya dalali.

Makala yake ile ya 2009 inapatikana bure mtandaoni, na haihitaji uwe mchumi kuielewa. Isome ukiwa na kalamu, halafu ongeza mwenyewe awamu mbili zilizofuata.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaandika kuhusu ushirika wa pamba Mara. Mwenye kumbukumbu za wakati ule naomba aniandikie.

Alamsiki.