London Eye: Gurudumu linalosimama kwa kuvutwa

Mfanyabiashara wa Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, anapofunga gunia la chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, kwenye keria ya baiskeli, mzigo wote hubebwa na spoki ambazo kila moja hukunjika kwa mkono. Nguvu yake haitokani na unene, bali na kukazwa.

Kanuni hiyo ndiyo inayosimamisha London Eye, gurudumu la kutazamia jiji lenye kimo cha mita 135 kando ya Mto Thames. Badala ya spoki lina kebo 64 za chuma. Si wazo jipya: gurudumu la George Ferris, lililojengwa Chicago mwaka 1893 likiwa na kimo cha takriban mita 80, nalo lilitumia vyuma vilivyokazwa.

Ipo tofauti moja ambayo aghalabu husahaulika. Baiskeli husimama kwa ringi, na habu huning'inia ndani yake. Katika London Eye, habu ndiyo iliyoshikiliwa na miguu, na ringi pamoja na vyumba vyake 32 vya abiria huning'inia kwenye habu. Kwa hiyo kebo za chini huvutwa zaidi, ilhali za juu hupungukiwa na mkazo. Kila kebo hupitia hali zote mbili katika mzunguko mmoja wa dakika 30 hivi. Ndiyo maana wahandisi huzikaza tangu mwanzo kiasi kwamba hata iliyo juu kabisa isilegee, kwani zikilegea ringi huanza kupoteza umbo, jambo analolijua fundi yeyote wa baiskeli pale Kashikishi.

Miguu yenyewe ipo upande mmoja tu, imeinamia mtoni, na kebo nyingine huivuta kuelekea nchi kavu.

Gurudumu liliunganishwa likiwa limelala juu ya maji. Jaribio la kwanza la kuliinua, Septemba 1999, lilikwama baada ya kebo ya kuinulia kuchomoka. Sherehe za mwaka 2000 zilikuwa zimekaribia, tarehe isiyosogezeka, lakini kazi ilisimamishwa. Oktoba liliinuliwa kwa nyuzi mbili kwa saa hadi kufikia nyuzi 65, likaachwa hapo kwa wiki moja. Lilizinduliwa rasmi Desemba 31 bila abiria. Wananchi walianza kulipanda Machi 2000.