Mtoro Aliyetaka Kurudi Nyumbani



Kama una ndugu anayeishi ughaibuni, bila shaka umewahi kumuuliza: "Unarudi lini?" Na kama wewe ndiye uliye nje, umeulizwa mpaka umechoka. Mimi huulizwa kila Jumapili na mama mdogo. Anaanza na habari za mvua, anapitia bei ya sembe, halafu swali lenyewe linakuja. Mkataba wangu wa utafiti hapa Ujerumani unaisha mwakani, na bado sijampa jibu la maana. Nikinyamaza sana anamaliza kwa kusema, "Haya, uamuzi ni wako, mwanangu."

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Je, ni kweli kwamba kurudi ni uamuzi wa mtu mwenyewe? Mimi nasoma historia, kwa hiyo sitakupa ushauri. Nitakupa watu watatu. Wote walitoka pwani yetu, na wote walifundisha Kiswahili mjini Berlin kwa nyakati tofauti. Mmoja alirudi kwao. Mmoja alirudi, akafika mpaka bandarini, akazuiwa. Mmoja hakurudi kabisa.

Berlin ilikuwa inatafuta nini kwa Mswahili?

Mwaka 1887 Wajerumani walifungua mjini Berlin taasisi iliyoitwa Seminar für Orientalische Sprachen, yaani taasisi ya lugha za mashariki. Miaka miwili tu kabla ya hapo, serikali yao ilikuwa imeyakubali madai ya Carl Peters juu ya maeneo ya bara, ng'ambo ya Zanzibar. Sasa walikuwa na koloni lakini hawakuwa na lugha. Ofisa asiyejua Kiswahili angetozaje kodi? Angesikilizaje kesi? Angeamrishaje askari?

Ndiyo maana walihitaji walimu. Profesa Mjerumani alifundisha sarufi, na mzawa wa lugha alishika kazi ya matamshi, mazungumzo na usomaji wa barua za Kiswahili, ambazo wakati ule ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wanafunzi wengi walikuwa wakijiandaa kuvuka bahari kwenda kutawala, kufanya biashara au kuhubiri. Hilo liweke akilini, maana tutalirudia.

Mmoja wa walimu wa mwanzo alikuwa Amur bin Nasur, kutoka Zanzibar. Alifundisha Berlin kuanzia 1891. Aliandika kwa Kiswahili habari za maisha yake na safari yake ya Ulaya, na maandishi hayo yakachapishwa mwaka 1894 katika mkusanyiko wa C. G. Büttner. Mwaka 1895 akarudi Zanzibar.

Basi, ndiyo hivyo tu. Alikwenda, akafanya kazi, akarudi. Nimemweka Amur kwanza ili uone kwamba kurudi kuliwezekana. Usije ukadhani kila aliyekwenda Ulaya enzi zile alimezwa huko. Tatizo halikuwa umbali wa bahari. Meli zilikuwapo.

Mtu wa Dunda

Sasa tuje kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa mwaka 1869 Dunda, karibu na Bagamoyo. Alisoma chuoni kama watoto wengine wa Kiislamu wa pwani, na kabla ya kuondoka aliwahi kufanya kazi ya kukusanya kodi chini ya utawala wa Kijerumani. Mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha kwenye taasisi ileile.

Ukiwa umesoma lolote kuhusu maisha ya Waswahili wa karne ya 19, yaelekea umesoma kazi yake bila kujua. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu *Desturi za Wasuaheli*. Jina lililokuzwa juu ya jalada ni la Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri, lakini mwandishi wake mkuu ni Mtoro. Humo kuna uzazi, jando, harusi, ngoma, biashara, utumwa, majumbe, magonjwa na maziko. Wanahistoria na wanaanthropolojia wanakitumia mpaka leo.

Hebu fikiria mazingira yake. Mtu yuko Berlin, baridi nje, anaandika kwa makini namna watu wa kwao wanavyoposa, wanavyooza na wanavyompokea mgeni. Mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, 1904, akaoa yeye mwenyewe. Mke wake alikuwa Mjerumani wa Berlin, Bertha Hilske. Ndoa yao ilikuwa halali. Hakukuwa na sheria Ujerumani iliyomkataza mwanamke Mjerumani kuolewa na Mwafrika.

Lakini kazini mambo yalikuwa yameharibika. Baadhi ya wanafunzi hawakukubali kukaa mbele ya mtu mweusi na kumheshimu kama mwalimu. Mtoro hakulivumilia kimya kimya, alilalamika. Mwaka 1905 kazi yake pale ikafika mwisho, na yeye na Bertha wakafunga mizigo waende kuishi Afrika Mashariki.

Safari ya meli ilichukua wiki kadhaa. Kwa hesabu zetu za leo huyu ndiye mhamiaji wa mfano: amekwenda nje, amefanya kazi, ametunga kitabu, ameoa, sasa anarudi kujenga kwao. Mama mdogo angempigia vigelegele.

Utawala wa koloni haukupiga vigelegele. Gavana wakati huo alikuwa Gustav Adolf von Götzen. Bertha alizuiwa kushuka, na hawakuruhusiwa kuanza maisha yao pamoja pale. Walirudishwa Ujerumani.

Jina la Mtoro kila mmoja wetu anajua maana yake: anayetoroka, kama mtoto anayekwepa shule. Huyu hakutoroka popote. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akapiga hodi, na aliyeitikia kutoka ndani hakuwa mwenye nyumba.

Kwa nini walimzuia?

Unaweza kujiuliza, mwanamke mmoja tu angewadhuru nini? Jibu liko katika jinsi koloni lilivyosimama. Wajerumani walikuwa wachache sana kati ya watu wengi. Hawakuweza kuweka askari kila kijiji, kwa hiyo walitegemea sana kitu walichokiita heshima ya mzungu: imani kwamba mzungu yuko juu daima, nyumbani, barabarani, mahakamani. Sasa mwanamke wa kizungu akae Bagamoyo au Dunda kama mke wa Mswahili, amuitikie mume wake, asalimiane na mawifi, apike jiko moja nao! Kwa gavana hilo lilikuwa hatari ya kisiasa.

Mwaka wenyewe nao haukuwa wa kawaida. Julai 1905 Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi na kusambaa kusini mwa koloni. Mwezi Septemba mwaka huohuo, koloni la Kijerumani la Afrika Kusini Magharibi, Namibia ya leo, lilisimamisha ufungaji wa ndoa kati ya wazungu na wenyeji. Afrika Mashariki ya Kijerumani ikafuata mwaka 1906. Kwa maneno mengine, Mtoro na Bertha walizuiwa hata kabla marufuku rasmi haijaandikwa.

Kuna jambo la karatasi pia. Wenyeji wa makoloni hawakuhesabiwa kuwa raia wa Ujerumani. Walikuwa watu "walio chini ya ulinzi", yaani walitawaliwa bila kuwa na haki za raia. Mtoro hakuwa na pasipoti ya kuipiga mezani na kusema, hapa ni kwetu na huyu ni mke wangu. Mbele ya sheria ya wakati ule, Dunda ilikuwa mali ya mtu mwingine.

Sasa wakumbuke wale wanafunzi wake. Walijifunza Kiswahili kutoka kinywani mwake, wakapanda meli, wakashuka, wakaanza kazi. Mwalimu alibaki upande wa pili wa bahari.

Kitu kimoja kwenye kisa hiki hunigusa kila nikikisoma. Aliyezuiwa kushuka alikuwa Bertha, lakini waliorudi Ujerumani walikuwa wawili. Unaweza kusema Mtoro alikosa uamuzi wowote, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini hata mlango ulipobanwa namna ile, pembe moja ndogo ya uamuzi ilibaki mikononi mwake, nayo ilihusu nani wa kuwa naye.

Baada ya hapo aliishi kwa kubangaiza kitaalamu, kama tunavyosema. Kati ya 1909 na 1913 alifanya kazi ya lugha Hamburg, chini ya Carl Meinhof, yule mtaalamu mkubwa wa lugha za Kibantu. Kisha akazunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki. Vita Kuu ikaja ikapita, Ujerumani ikanyang'anywa makoloni, na kwao pakaitwa Tanganyika chini ya Mwingereza. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, miaka 22 baada ya safari ile.

Aliyekuja kwa shughuli ndogo

Miaka miwili baada ya kifo chake, mtu mwingine kutoka kwetu alifika Berlin. Huyu ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari mwenye asili ya Sudan. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa bado mtoto, lakini alitumikia jeshi la Kijerumani pamoja na baba yake.

Mwaka 1929 alikuwa mhudumu wa melini. Alikwenda Berlin kudai mishahara ya vita ambayo hawakulipwa, ya kwake na ya baba yake. Akaambiwa amechelewa, muda wa madai umepita. Wangapi kati yetu tumekwenda mahali kwa shughuli ndogo ya ofisini tukakuta miaka imepita? Husen alibaki. Akawa mhudumu katika jumba la starehe, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu zaidi ya 20. Mwaka 1933 akamuoa Maria Schwandner, wakapata watoto. Mwaka huohuo Hitler akashika madaraka.

Filamu yake ya mwisho ya mwaka 1941 ilihusu Carl Peters, yuleyule aliyeanzisha madai ya Ujerumani kwetu. Husen aliigiza kama kiongozi wa msafara wake. Mwaka huohuo alikamatwa, akituhumiwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, na kufia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Leo ukipita mtaa wa Brunnenstraße, nambari 193, utaona kijiwe kidogo cha shaba ardhini chenye jina lake, kilichowekwa mwaka 2007. Watu wanapita juu yake wakikimbilia treni. Mimi nilisimama pale nikasoma neno "Dar es Salaam", nikatoa simu nipige picha, nikairudisha mfukoni.

Tunajifunza nini?

Tunapozungumza kuhusu walio nje, lugha yetu ni ya moyo. Tunasema fulani ana mapenzi na kwao, fulani amelewa Ulaya, fulani amesahau alikotoka. Moyo upo, sikatai. Lakini watu hawa watatu wanatuonyesha kwamba moyo ni kipande kimoja tu cha hesabu. Amur alirudi wakati njia iko wazi. Mtoro alirudi na hati ya ndoa ambayo ilikuwa halali Berlin na balaa Dar es Salaam. Husen alikaa, na kila mwaka nchi aliyokaa ikambana zaidi mpaka ikamuua. Ukiwapima kwa mizani ya "nani aliipenda kwao zaidi" hutapata jibu.

Tena mlango haubaki vilevile. Njia iliyokuwa wazi mwaka 1895 ilikuwa imefungwa kwa mtu mwingine mwaka 1905. Anayesema "nitarudi tu, siku yoyote" anadhani siku zote zinafanana.

Sisi hatuko chini ya gavana, ni kweli, na sitaki kulinganisha shida zetu na Sachsenhausen. Lakini maswali ya karatasi hayajaisha. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, wakati Kenya imeuruhusu tangu katiba ya 2010. Rafiki yangu aliyeoa huku anataka kurudi Tanga. Kinachomkosesha usingizi ni kibali cha mkewe na uraia wa binti yao akifika miaka 18. Kwao wanadhani anaringa.

Kwa hiyo ukimuuliza ndugu yako "unarudi lini?", ongeza maswali mengine mawili: unarudi na nani, na nani anatakiwa kukufungulia? Na kama wewe ndiye unayeamua, yajibu hayo mapema, mlango ukiwa bado wazi.

Jumapili iliyopita nilimsimulia mama mdogo kisa cha Mtoro. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akauliza, "Kwao Dunda walijua kwamba alifika mpaka bandarini?"

Jana amenipigia tena. Mvua, sembe, kama kawaida. Lakini safari hii hakuuliza narudi lini. Aliuliza, "Karatasi zimefikia wapi?"