Zeze: Utengenezaji na Ukarabati wa Ala ya Asili ya Nyuzi

Zeze ni ala ya asili ya nyuzi inayopigwa kwa upinde na jamii mbalimbali nchini Tanzania, hususan Wagogo wa Mkoa wa Dodoma. Marehemu Hukwe Zawose (1938–2003) ni miongoni mwa wasanii walioitambulisha ala hiyo kimataifa.

Utengenezaji huanza kwa kukausha kibuyu, kukata mdomo wake na kuuwamba ngozi mbichi, ambayo hukaza inapokauka. Kisha hupachikwa mti wa kubeba nyuzi, pamoja na vigingi vya kuzikazia. Upinde hupakwa utomvu mkavu wa mti ili unase nyuzi na kuzitoa sauti.

Ngozi na nyuzi zikichakaa hubadilishwa. Ngozi iliyolegezwa na unyevu huanikwa juani. Kibuyu kikipasuka, kazi huwa ngumu zaidi, kwa kuwa ukubwa na unene wake ndio huipa ala sauti yake.

Nchini India, ambako sitar pia huundwa kwa kibuyu, sitar na tanpura za mji wa Miraj zilipata ulinzi wa alama ya kijiografia mwaka 2024.

Nchini Tanzania, muziki wa asili hufundishwa katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyotokana na chuo kilichoanzishwa mwaka 1981. Zeze halitegemei vipuri vya kiwandani, bali mikono ya fundi. Ujuzi huo usiporithishwa, zeze lililopasuka hubaki pambo la ukutani.