Vasa previa: damu inatoka kwa mama, lakini ni ya mtoto

Chupa inapasuka, na pamoja na maji inatoka damu nyekundu, bila maumivu. Maternite wanapima presha ya mama: iko sawa. Mapigo ya moyo wake yako sawa, kizunguzungu hana. Basi watu wanasema, "Tungoje kidogo, mama iko muzima." Katika vasa previa kungoja huko ni hatari kubwa, kwa sababu damu ile si ya mama. Ni ya mtoto.

Mtoto wa kilo 3 aliye karibu kuzaliwa ana damu ya mililita 240 hadi 300 hivi mwilini mwake wote. Hiyo haifiki nusu ya chupa kubwa ya Primus. Damu ambayo mama angeipoteza bila hata kusikia udhaifu inatosha kummaliza mtoto kwa dakika chache.

Jina ni la Kilatini, na maana yake ni mishipa iliyotangulia mbele. Kawaida kamba ya kitovu inashika kwenye plasenta, ile ambayo wengi wanaiita kondo la nyuma, na mishipa yake imezungukwa na ute mzito unaoikinga isibanwe wala kukatika. Kwa mimba chache kamba inashika pembeni, kwenye ngozi nyembamba ya mfuko wa maji, na mishipa inatembea juu ya ngozi ile bila kinga mpaka ifike kwenye plasenta. Ama plasenta iko vipande viwili, na mishipa inavuka kutoka kimoja kwenda kingine. Mishipa hiyo ikipita juu ya mlango wa kizazi, ama karibu nao (wataalamu wengi wanahesabu sentimita 2), hiyo ndiyo vasa previa. Chupa ikipasuka, mishipa inaweza kupasuka nayo. Hata bila kupasuka, kichwa cha mtoto kinaweza kuikandamiza na damu ikakosa kupita.

Watu wanaichanganya na plasenta previa, ambako plasenta yenyewe ndiyo inafunika mlango. Ile inaonekana mara nyingi zaidi, na damu inayotoka kwa kawaida ni ya mama. Vasa previa inakadiriwa kwa mimba 1 kati ya 2,500 hivi. Mkunga anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuiona, ama bila kujua kwamba aliiona.

Kushika tumbo hakuwezi kuionyesha, na mama mwenyewe kwa kawaida hasikii kitu. Kinachoionyesha ni ekografi, hasa ile inayofanywa kwa kupitia ukeni pamoja na Dopleri, yaani rangi zinazoonyesha damu inavyotembea ndani ya mishipa. Muda mzuri wa kutafuta ni kati ya wiki ya 18 na ya 22. OMS inashauri kila mama apate ekografi moja kabla ya wiki ya 24. Huku kwetu wamama wengi wanaifanya kwa kuchelewa, na swali la kwanza ni kama mtoto ni kijana ama binti. Swali hilo halina ubaya. Lakini kwa pesa ile ile mama anaweza kuuliza mengine mawili: plasenta imekaa wapi, na kamba ya kitovu inashika wapi? Hata mashine isiyo na Dopleri inaweza kuonyesha plasenta iliyo chini ama iliyogawanyika, na hiyo ni sababu ya kumtuma mama hopitali kubwa. Wanaohitaji kuangaliwa zaidi ni wenye plasenta iliyokaa chini kwenye ekografi ya katikati ya mimba, hata kama baadaye imepanda. Wenye mimba ya mapacha. Na waliopata mimba kwa njia ya maabara.

Faida ya kujua mapema ni kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu mimba 155 za aina hii ulionyesha kwamba pale ilipogunduliwa kabla ya kuzaa, watoto 97 kwa 100 waliishi. Pale ambapo haikujulikana, waliishi 44 tu kwa 100.

Ikishajulikana, mama anarudia ekografi karibu na wiki ya 32, kwa sababu kwa baadhi mishipa inasogea mbali na mlango kadiri kizazi kinavyokua. Ikibaki palepale, anapewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na waganga wengi wanapenda alale hopitalini kuanzia wiki ya 30 mpaka 34. Sezariene inapangwa kati ya wiki ya 34 na ya 37, kabla ya uchungu na kabla ya chupa kupasuka. Kwa mama wa Shabunda, Walikale ama Mambasa, maana yake ni kuhamia karibu na hopitali yenye chumba cha upasuaji wiki nyingi kabla ya tarehe. Familia inapaswa kuanza kuweka pesa na kutafuta mahali pa kulala siku ile ile jibu la ekografi linapotoka. Siku ya uchungu, barabara na moto havitatosha. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu hazifai kabisa hapa.

Kama haikujulikana na damu inatoka, mkunga asikilize moyo wa mtoto mara moja, hata kwa kifaa cha Pinard. Kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Yakishuka, ni kupasua bila kungoja majibu ya maabara. Mtoto akizaliwa mweupe na mlegevu anahitaji damu haraka, O negatifu, kwa hiyo anayepiga simu hopitalini aitaje mapema. Na kabla ya kupasua chupa kwa mkono, kidole kipapase kwanza: kitu kinachodunda kama mapigo ya mtoto ni mshipa, chupa isiguswe.

Mtoto akifariki, jamaa wengine wanaanza kumtafuta mchawi, ama wanamlaumu mama kwamba alibeba mzigo mzito. Plasenta isitupwe kabla ya kuangaliwa. Ikitandazwa pamoja na ngozi zake, mshipa uliokatika mara nyingi unaonekana kwa macho, na mkunga anaweza kuwaonyesha baba na mama jambo lililotokea.